Kumpandisha dogo acheze na waliomzidi umri: Lini inamjenga, lini inamuumiza

Kwenye soka la vijana, kelele nyingi huwa ni za vijeba, yaani wachezaji wanaopunguza umri ili wacheze na wadogo. Lakini lipo suala la upande wa pili ambalo halizungumzwi sana: dogo wa miaka 12 anayetakiwa timu ya U-15 kwa sababu wenzake hawamuwezi tena.

Kijeba anavunja kanuni. Dogo anayepandishwa mara nyingi havunji chochote, kwa kuwa U-15 maana yake ni umri usizidi hapo. Swali ni moja tu: je, itamsaidia?

Kanuni zinasemaje

Makundi ya umri huweka kikomo cha juu, ila mashindano mengine huweka na cha chini. Kombe la Dunia la U-17 la mwaka 2023 kule Indonesia lilikuwa la waliozaliwa kuanzia Januari 1, 2006 hadi Desemba 31, 2008. Wa 2009 hakuruhusiwa, hata kama ana kipaji cha kutisha.

Ligi kubwa nazo zina mipaka yake. Youssoufa Moukoko alikuwa na miaka 12 tu alipoanza kuichezea Borussia Dortmund ya U-17. Hata hivyo, alisubiri atimize miaka 16 ndipo akacheza Bundesliga, Novemba 21, 2020, siku moja baada ya kuzaliwa kwake. Na hapo kikomo kilikuwa kimeshushwa mwaka huohuo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusoma kanuni za mashindano husika.

Waliopandishwa mapema

Jude Bellingham alicheza U-18 ya Birmingham City akiwa na miaka 14, U-23 akiwa na 15, na kikosi cha kwanza Agosti 2019 akiwa na 16. Lamine Yamal aliichezea Barcelona Aprili 2023 akiwa na miaka 15, na mwaka uliofuata akatwaa Euro na Hispania, siku moja baada ya kutimiza miaka 17.

Ila yupo pia Freddy Adu, mzaliwa wa Tema, Ghana, aliyekulia Marekani. Alianza kucheza ligi ya MLS na DC United mwaka 2004 akiwa na miaka 14, huku akitangazwa kama mfalme ajaye. Baadaye alizunguka klabu za Ureno, Ufaransa, Ugiriki, Uturuki na Brazil bila kufika kule alikotarajiwa.

Somo ni kwamba kupanda mapema hakumhakikishii mtu chochote.

Faida yake

Dogo anayewazidi wenzake mno hujenga tabia mbaya. Anapita kwa mbio tu, hainui kichwa, hatoi pasi, kwa sababu hajawahi kulazimika. Akikutana na wakubwa, mbio hizo hazitoshi. Inabidi aangalie kabla mpira haujamfikia, aguse haraka na ajipange vizuri uwanjani.

Hatari zake

*Mwili.* Wavulana wengi hurefuka kwa kasi zaidi karibu na miaka 14, wasichana karibu na 12, lakini kila mtoto ana saa yake. Wakati huo mifupa bado inakua, na mazoezi yakizidi maumivu ya chini ya goti au kisigino huwa ya kawaida. Kugongana na mtu mwenye mwili wa kiutu uzima ni jambo jingine kabisa.

*Benchi.* Dogo aliyekuwa anacheza dakika zote anaweza kugeuka mtu wa dakika 10 za mwisho. Kipaji hakikui kwa kukaa.

*Mechi kuzidi.* Wengine huchezeshwa timu zote mbili, Jumamosi na wenzao, Jumapili na wakubwa. Hapo miguu haipumziki.

*Maisha ya nje ya uwanja.* Mazungumzo ya vijana wa miaka 16 si ya mtoto wa 12. Anaweza kujikuta hana rafiki kwenye timu.

Umri wa cheti na umri wa mwili

Aliyezaliwa Januari 2 na aliyezaliwa Desemba 30 wanaweza kuwekwa kundi moja, ingawa wanapishana karibu mwaka mzima. Mara nyingi kinachoitwa kipaji ni miezi tu.

Ndiyo maana akademi za Ligi Kuu England zilianza, kuanzia mwaka 2015, kujaribu mechi zinazopangwa kwa ukomavu wa mwili badala ya tarehe ya kuzaliwa. Wanachukua urefu na uzito wa mtoto pamoja na urefu wa wazazi, wanakadiria atafikia urefu gani ukubwani, kisha wanaangalia amefika asilimia ngapi. Aliyewahi kukua anakutana na wa saizi yake na analazimika kutumia akili. Aliyechelewa anapata nafasi ya kuonyesha ufundi bila kusukumwa.

Kabla mzazi hajakubali

• Amuulize mtoto mwenyewe, kocha akiwa hayupo.
• Aulize atacheza dakika ngapi na nafasi gani. Jibu la "tutaona" halitoshi.
• Aanze na mazoezi ya wakubwa mara moja kwa wiki, mechi zifuate baadaye.
• Mechi za wiki zihesabiwe zote, zikiwemo za shule na za mchangani.
• Akilalamikia goti au kisigino, apumzike na aonwe na mtaalamu wa afya.
• Ajulikane mtu mzima wa kumwangalia chumba cha kubadilishia nguo na safarini.

Jambo la mwisho ndilo husahaulika zaidi: njia ya kurudi. Kabla ya kupanda, mtoto, mzazi na kocha wakubaliane tarehe ya kukaa tena, labda baada ya miezi mitatu. Ikionekana hachezi, anaumia au amepoteza furaha, arudi kwa wenzake bila maneno. Dogo akijua kwamba kurudi si adhabu, atathubutu kusema ukweli pale mambo yanapomshinda.