Programu ya blogu inavyoweza kuendesha tovuti nzima

PROGRAMU iliyobuniwa kwa ajili ya kuandikia blogu inaweza kutumiwa kuendesha tovuti nzima ya shule, kampuni, gazeti au taasisi ya umma, na wenye tovuti wakabadilisha taarifa zao wenyewe bila kumsubiri fundi. Mfano mkubwa ni WordPress, ambayo kwa hesabu za W3Techs inaendesha zaidi ya tovuti 4 katika kila 10 duniani. Mwaka 2017 tovuti ya Ikulu ya Marekani nayo ilihamishiwa katika programu hiyo.

Katika miaka ya 1990, kila ukurasa wa tovuti ulikuwa faili linalojitegemea, lililoandikwa kwa lugha ya HTML. Namba ya simu ya ofisi ilipobadilika, fundi alilazimika kuyafungua mafaili yote yenye namba hiyo, kuyasahihisha moja baada ya jingine, kisha kuyapeleka upya kwenye seva. Fundi huyo alipoacha kazi, mara nyingi tovuti ilibaki na taarifa zilizopitwa na wakati.

Programu za blogu, kama vile Blogger iliyoanza mwaka 1999 na Movable Type ya mwaka 2001, ziliondoa usumbufu huo kwa waandishi wa shajara za mtandaoni. Mwandishi alijaza maneno katika kisanduku, akabonyeza kitufe, na makala yakatoka. WordPress ilifuata Mei 27, 2003, ikitolewa na Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza, waliojenga juu ya programu ya b2 ya Michel Valdrighi. Ilitolewa kwa leseni ya GPL, inayomruhusu mtu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuisambaza.

Mabadiliko makubwa yalikuja Februari 2005, katika toleo la 1.5. Toleo hilo lilitenganisha makala, ambayo hupangwa kwa tarehe, na kurasa za kudumu, ambazo hazifuati tarehe. Shule, kwa mfano, huweka historia yake, ada na anwani katika kurasa za kudumu, ilhali matangazo na matokeo ya mitihani hutolewa kama makala. Aidha, mwenye tovuti anaweza kuchagua ukurasa mmoja wa kudumu uwe mlango wa mbele, badala ya orodha ya makala mapya. Hapo mgeni hatambui tena kwamba chombo kilichotumika kilikuwa cha blogu.

Siri ya utendaji wake ni kutenganisha maneno na sura. Maneno hukaa katika hifadhidata ya MySQL, na sura ya tovuti huamuliwa na mafaili ya violezo. Msomaji anapofungua ukurasa, programu iliyoandikwa kwa lugha ya PHP huviunganisha viwili hivyo papo hapo. Kwa sababu hiyo, namba ya simu iliyo chini ya kila ukurasa husahihishwa mahali pamoja tu, na tovuti inaweza kubadilishiwa sura bila kuandika upya habari zake.

Toleo la 3.0 la mwaka 2010 liliongeza menyu ambazo mwenye tovuti huzipanga mwenyewe, na kurahisisha uundaji wa aina nyingine za maandishi, kama vile orodha ya vitabu vya maktaba au vifaa vya jumba la makumbusho. Madaraka nayo hugawanywa. Mchangiaji huandika lakini hawezi kuchapisha, mhariri hupitia na kuidhinisha kazi za wengine, na msimamizi ndiye anayegusa mipangilio ya tovuti yenyewe.

Hata hivyo, urahisi huo una gharama zake. Programu isiyosasishwa huwapa wahalifu wa mtandaoni mwanya wa kuingia, na hatari kubwa hutokana na programu-jalizi, yaani programu ndogo za nyongeza, ambazo waliozitengeneza wameacha kuzihudumia. Ni busara kuweka chache zinazohitajika tu na kuzifuta zisizotumika. Nakala ya akiba nayo hapana budi iwe na sehemu mbili: hifadhidata, pamoja na mafaili ya picha na violezo. Aliyenakili mafaili peke yake atabaki na picha bila maneno.

Jambo zito zaidi ni umiliki. Zamani Blogger iliwaruhusu watumiaji kupeleka maandishi yao moja kwa moja kwenye seva zao wenyewe, na wapo walioitumia kulisha tovuti zao kwa njia hiyo. Mei 2010 kampuni ya Google, iliyoinunua Blogger mwaka 2003, iliisitisha huduma hiyo, na watumiaji hao wakalazimika kuhama. Miezi michache kabla, Oktoba 2009, Yahoo ilikuwa imeifunga GeoCities, na wenye kurasa ambao hawakuwa na nakala wakapoteza kazi ya miaka mingi.

Kwa taasisi inayomkabidhi fundi ujenzi wa tovuti yake, masharti machache yanafaa kuandikwa katika mkataba kabla ya malipo. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la taasisi, si la fundi. Nywila ya msimamizi ikabidhiwe kwa ofisi. Nakala ya akiba ihifadhiwe nje ya seva inayobeba tovuti, na ijaribiwe mara kwa mara kwa kurejeshwa mahali pengine, ili ijulikane mapema kama inafanya kazi. Masharti hayo yakitimizwa, taasisi inaweza kumbadili fundi, au kuhamia seva nyingine, bila kupoteza maandishi yake.