Bao la Kiswahili

Bao la Kiswahili ni mchezo wa watu wawili unaochezwa juu ya ubao wenye mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane manane, kwa kete 64. Kete zenyewe kwa kawaida ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za mti wa mkomwe. Bao ni ndugu wa omweso wa Uganda na igisoro ya Rwanda. Huchezwa tangu Lamu hadi Zanzibar na Komoro, na bara pia. Nchini Malawi huitwa bawo. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa miongoni mwa wapenzi wake.

Wachezaji ni wawili, lakini ubao mmoja barazani huvuta watu wengi, na sababu imo ndani ya mchezo wenyewe. Hakuna karata ya kuficha wala dadu ya kubahatisha. Kila kete inaonekana na kila mtu, kwa hiyo anayesimama nyuma ya mchezaji ana habari zilezile alizo nazo mchezaji, na anaweza kupiga hesabu zake mwenyewe kimoyomoyo.

Hesabu hizo si nyepesi. Mchezo huanza kwa namua: kila mchezaji ana kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa katika nyumba, lile shimo la mraba, na kete 22 mkononi. Kila zamu hutia kete moja katika safu yake ya mbele. Shimo alilotia likiwa na kete, na lile la mpinzani linalotazamana nalo likiwa nazo pia, huzila zile za mpinzani na kuzisambaza upande wake kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete mwendo unaendelea, pengine kwa kula tena. Ikiangukia shimo tupu inalala na zamu inahama. Kete za mkononi zikiisha, huanza mtaji, ambapo mwendo hutokana na kete zilizomo ubaoni. Zinazoliwa hazitolewi nje, bali zinabadili mwenyewe tu, na ndiyo maana aliyeelemewa anaweza kugeuza mambo kwa mkono mmoja. Anayeishiwa kete safu ya mbele, au asiye na mwendo, amefungwa. Kufungwa wakati wa namua, kunakoitwa mkononi, ni aibu ambayo baraza haliisahau upesi.

Mwendo mmoja wa bingwa unaweza kuzunguka ubao mara nyingi, naye anapaswa kuuona mwisho wake kichwani kabla ya kugusa kete. Alex de Voogt, mtafiti Mholanzi, aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar kwa ajili ya tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Leiden ya mwaka 1995, iliyohusu hasa mipaka ya akili katika hesabu za namna hiyo. Watazamaji wa barazani hupima jambo hilohilo kila jioni. Mchezaji akisita, mmoja wao ameshauona mwendo. Wengine hubishana kwa sauti, hucheka, huchokoza. Mara nyingi aliyefungwa huinuka kumpisha anayesubiri, na kwa utaratibu huo mvuvi, fundi cherehani na mstaafu wa serikali huketi wakitazamana bila ya cheo cha mtu kuongeza kete hata moja. Kahawa chungu na kashata huwaweka hapo hadi adhana.

Baraza hilo lina kasoro moja kubwa: kwa desturi ni la wanaume, na wanawake wengi wenye vichwa vya hesabu wamekosa nafasi ya kupambana na mabingwa hadharani. Programu za bao za kompyuta na simu zimempa yeyote mpinzani asiyechoka, lakini hazimpi mabishano yale, ambayo ndiyo shule yenyewe. Kanuni ni nyingi, hasa zile za nyumba na za kimbi, yaani mashimo ya ncha za safu ya mbele, na wachezaji wengi hawakuzisoma popote. Mtoto huanza na bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo, mara nyingi katika vishimo alivyochimba mchangani. Namua huipata kwa kusimama nyuma ya wakubwa, akisikiliza wanavyokosoana.