Akiba ya Mfanyakazi na Haki ya Kurudishiwa

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii yawahusu wafanyabiashara, lakini yamhusu pia kila mtu ambaye mshahara wake hukatwa kila mwezi kwa ajili ya siku atakazoshindwa kufanya kazi. Je, akikatwa kupita kiasi cha haki, atarudishiwa na nani, naye atajuaje deni lake?

Swali hili si geni duniani. Katika mwaka wa 1889 Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ulemavu na uzee. Mwajiri na mfanyakazi walichanga nusu kwa nusu, na kila mchango ulithibitishwa kwa stempu iliyobandikwa kwenye kadi. Mwanamke aliyeolewa baada ya kuchangiwa kwa miaka mitano aliweza kudai nusu ya fedha hizo, yaani ile iliyotoka katika mshahara wake. Kadi ndiyo iliyokuwa shahidi wake.

Kenya ilianza kwa njia nyingine. Mwaka wa 1965 Bunge liliunda Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, ijulikanayo kwa herufi NSSF, ambayo makao yake yalijengwa katika Barabara ya Bishops, Nairobi. Haikuwa bima kamili bali akiba. Mwajiri na mfanyakazi walitoa sawasawa, na jumla yao pamoja na faida alirudishiwa mfanyakazi alipozeeka, au alipopata ulemavu uliomzuia kabisa kufanya kazi.

Sheria mpya ya mwaka wa 2013 iliweka mchango wa asilimia 6 kwa kila upande, na ubishi ukaanza. Mnamo Septemba 2022 Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba sheria hiyo ilikiuka Katiba. Mnamo Februari 2023 Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo, na makato mapya yakaanza. Kisha, tarehe 21 Februari 2024, Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi wa Rufani na kuirudisha kesi huko ikasikizwe upya.

Tuchukue mfano wa mkazi wa Kangemi aliyekuwa akipata shilingi 18,000 kwa mwezi. Zamani alikatwa 200. Tangu Februari 2023 alikatwa 1,080. Ongezeko ni 880 kwa mwezi, yaani 10,560 kwa mwaka. Kama sheria ilikuwa batili, basi hizo zilikuwa zimezidi. Mmoja atasema kwamba hazikupotea, kwa kuwa zimeandikwa kwa jina lake na atazipata uzeeni. Mwingine atajibu kwamba kodi ya nyumba hailipwi kwa fedha za uzeeni. Wote wawili wana hoja. Na tena, nusu ya mwajiri ingerudi kwa nani?

Haki hiyo haiamuliwi na mahakama peke yake. Hata hukumu njema haimfai mtu asiyeweza kuonyesha alichokatwa, hasa ikiwa mwajiri wake alikata fedha asiziwasilishe. Kwa hiyo, kijana utakayeajiriwa kesho, itunze karatasi ya mshahara wako wa kwanza, nawe uilinganishe na hesabu ya Hazina. Haba na haba hujaza kibaba, lakini mwenye kibaba sharti ajue kimejaa kiasi gani.