Yoga na Mlango Uliokuwa Umefungwa

Ajiandaaye kuhudhuria darasa lake la kwanza la yoga huambiwa avae nguo nyepesi, asile chakula kizito na afike mapema. Ushauri huo ni sahihi, lakini haumwelezi anaingia katika historia gani.

Wengi hudhani darasa hilo limedumu vivyo hivyo tangu enzi za kale. Sivyo. Katika miaka ya 1930, huko Mysore, India, Krishnamacharya alifundisha yoga katika kasri la Maharaja Krishnaraja Wadiyar wa Nne, na wanafunzi wake wengi walikuwa wavulana. Indra Devi, mzaliwa wa Riga, alipoomba kujiunga alikataliwa kwa kuwa ni mwanamke na ni mgeni. Maharaja alipoingilia kati, mwalimu alimpokea, na hatimaye akamtaka naye afundishe. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Devi alifungua studio Hollywood.

Kumbe kilichoitwa mila kililegea kwa neno la mtawala mmoja. Basi tunapoambiwa leo kwamba mila haimruhusu fulani kuingia mahali, tuulize kwanza: nani aliufunga mlango huo, na kwa masilahi ya nani?