Tarehe Mbili za Mama

Bibi alikuwa akisema mama alizaliwa siku ya Mitende, watu wakitoka kanisani na matawi mikononi. Kadi ya mama ya kanisa inasema: 03/04/1955, Jumapili. Kompyuta ya ofisi moja ikaisoma Machi 4. Nyaraka mbili hazikufanana, na mafao yake yakasimama miezi saba.

Ndipo nilipoanza kutengeneza programu ndogo ya mtandaoni ya kugeuza tarehe. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Kumbe ndani yake mlikuwa na historia ya wilaya yetu.

Wamisionari Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891. Wajerumani waliotawala waliuita mji wa Tukuyu Neu Langenburg, na tarehe waliiandika siku, mwezi, mwaka, kwa nukta katikati. Waingereza waliwaondoa mwaka 1916. Jina la mji likabadilika, lakini siku ikabaki mbele ya mwezi. Miaka mingi baadaye zikaja kompyuta, nyingine zikiwa zimepangwa Kimarekani, mwezi mbele. Safari hii hakuna bendera iliyoshushwa, kwa hiyo wengi hatukujua kwamba kuna kilichobadilika.

Tarehe kama 25/12 haisumbui, kwani hakuna mwezi wa 25. Shida ni pale namba zote mbili hazizidi 12 wala hazilingani. Siku za namna hiyo ni 132 kila mwaka. Mwaka 1988 kilitolewa kiwango cha kimataifa, ISO 8601, kinachotanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Ni kizuri kwa tarehe za kesho. Hakiwezi kumuuliza karani wa 1955 alikusudia nini.

Lakini karani yule aliacha neno moja: Jumapili. Nikaipa programu tarehe zote mbili. Machi 4, 1955 ilikuwa Ijumaa. Aprili 3 ilikuwa Jumapili, wiki moja kabla ya Pasaka. Siku ya Mitende.

Sasa programu yangu ikikuta tarehe yenye utata haikisii. Inauliza: ilikuwa siku gani ya juma?

Nilimpelekea mama karatasi niliyochapa. Akaisoma, akaikunja, akaiweka ndani ya kadi.

“Mwanangu,” akasema, “bibi yako alishawaambia.”