Amri na Shauri: Historia ya Uongozi wa Vyuo Vikuu vya Lubumbashi

Kila mwaka wa masomo unapokaribia, katika nyumba nyingi za Bel-Air, mtaa wa komini ya Kampemba mjini Lubumbashi, wazazi huketi na watoto wao kushauriana kama kijana aende chuo kikuu cha dola, kilichoko upande wa Kasapa, ama kimojawapo cha vyuo vya watu binafsi na vya makanisa. Na ijapokuwa mazungumzo hayo huanza kwa hesabu ya karo, chini yake limelala suali lenye uzito zaidi, nalo ni kujua ni nani akataye shauri katika chuo, na huyo akataye husikiliza kauli ya nani.

Suali hilo lina umri sawa na elimu ya juu ya nchi hii. Wabelgiji walipoanzisha chuo kikuu cha Lovanium katika mji wa Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, mwaka 1954, waliiweka mikononi mwa Kanisa Katoliki, chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha Louvain. Lakini chuo kilichoasisiwa kwa dikrii ya 26 Oktoba 1955, na kufungua madarasa yake hapa Lubumbashi, iliyoitwa wakati huo Élisabethville, mwaka 1956, kilikuwa mali ya dola, nacho kikaitwa Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Basi tangu mwanzo palikuwa na mila mbili za uongozi, moja ya wizara na moja ya maaskofu, ambazo ziliafikiana katika jambo moja tu: Mwafrika aliyeketi darasani hakuulizwa neno. Wala mji wenyewe haukuona ajabu, kwa kuwa ulikuwa umelelewa na Union Minière, kampuni ya madini iliyoundwa mwaka 1906, ambayo mfanyakazi wake alipangiwa na wakubwa saa za kazi, nyumba na hata posho ya unga.

Uhuru ulipokuja, na jimbo la Katanga likajitenga kuanzia Julai 1960 hata Januari 1963, chuo kilibadilishwa jina pamoja na bendera. Na mwaka huo wa 1963 Waprotestanti nao wakafungua chuo chao Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Nchi ikawa na nyumba tatu za ilimu, kila moja na desturi yake ya kushauriana.

Desturi hizo zilizimwa mwaka 1971. Mwezi wa Juni wanafunzi wa Lovanium waliandamana kuwakumbuka wenzao waliouawa tarehe 4 Juni 1969, wakakamatwa na kuandikishwa jeshini. Na haukupita muda, mwezi wa Agosti, vyuo vyote vitatu vikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, yaani UNAZA, chenye rekta mmoja, Monsinyori Tshibangu Tshishiku, aliyekuwa akiiongoza Lovanium tangu 1967. Insafu yatulazimu kukiri kwamba Lubumbashi ilipata heshima kubwa kwa mpango huo, maana taaluma za fasihi na za jamii zilihamishiwa hapa, na wanazuoni wa daraja ya mwanafalsafa V. Y. Mudimbe wakafundisha Kasapa. Lakini mamlaka ya mwisho yalibaki Kinshasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500, kwa watu wasioyaona madarasa yaliyohusika.

Sheria ya 3 Oktoba 1981 iliivunja UNAZA, na Lubumbashi ikarudishiwa jina lake la chuo kikuu kamili, chenye baraza za idara na za fakultete, na halmashauri ya uendeshaji inayoongozwa na rekta. Walakini rekta aliendelea kuteuliwa na Rais wa nchi, na waziri aliendelea kupeleka waraka wake wa kila mwaka wenye kupanga kalenda na karo. Kisha, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, majuma machache baada ya Rais Mobutu kutangaza mwisho wa chama kimoja, wanafunzi walishambuliwa na kuuawa katika mabweni ya Kasapa. Serikali ilikiri kifo kimoja, mashahidi wakataja makumi, na Ubelgiji ikasimamisha misaada yake. Dola iliyozoea kuamuru bila kusikiliza ilijibu sauti za vijana wake kwa silaha.

Mlango wa vyuo vya binafsi ulikuwa umefunguliwa mwaka 1989, na mwaka huo huo vyuo vya Kikatoliki vilianzishwa Bukavu na Butembo. Katanga nayo ikapata vya kwake, miongoni mwavyo kile cha Wamethodisti pale Mulungwishi. Humo uamuzi hauna safari ndefu: mwasisi, au sinodi, au askofu, yu karibu, na jambo ambalo katika chuo cha dola lingesubiri miezi laweza kukatwa kwa siku moja. Hiyo ni fadhila ya kweli. Lakini ukaribu si shauri: mwasisi aliye peke yake mwenye kalamu, mwenye ufunguo wa hazina na mwenye kuajiri walimu aweza kuamuru kama waziri wa mbali, tena bila baraza la fakultete lenye sheria ya kumzuia.

Kwa hiyo historia hii hainipi ruhusa ya kusema kwamba dola ni mbovu na binafsi ni njema, wala kinyume chake. Ubovu uliorudi tena na tena, kutoka Brussels hata Kinshasa, ni amri iliyotangulia shauri. Na wahenga walikwisha kusema kwamba penye wazee hapaharibiki neno. Enyi wazazi wa Bel-Air, mnapopeleka mtoto na fedha zenu, msiulize karo peke yake: ulizeni baraza la walimu hukutana mara ngapi, hesabu husomwa mbele ya nani, na mwanafunzi mwenye malalamiko huyapeleka kwa nani. Chuo kisichoweza kuwajibu maswali hayo matatu, kiwe cha dola au cha binafsi, hakijastahiki amana mnayokikabidhi.