Mhariri Nyuma ya Riwaya

Mtahiniwa wa Ndera au Garsen humtaja mwandishi na wahusika, mhariri hamtaji. Hata hivyo, ndiye mlango wa kitabu. Henry Chakava (aliyefariki 2024) alijiunga na Heinemann, Nairobi, mwaka 1972. Alisoma miswada, akachagua, akashauri. Mwaka 1980 alichapisha riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o kwa Kigikuyu, uamuzi uliomletea vitisho. Mwaka 1992 kampuni ikawa East African Educational Publishers, mikononi mwa Wakenya. 1995 ikatoa Walenisi ya Katama Mkangi, iliyosomwa na vijana wengi.

Mwalimu, mwulize mwanafunzi: nani huamua lugha ipi ichapishwe? Kwa kijana wa Kipokomo, ambaye lugha yake ni ndugu ya Kiswahili, swali hili si la mtihani tu.